Macho Yako Yalichelewa ku Kasenga

Papa Anaclet,

Mu Lubumbashi nzima hakuna muntu mwenye bahati kama miye. Épisode ya mwisho ya Ajenti Bonaventure, ule mpelelezi wetu wa télé, nimeiona yote, tangu wimbo wa kufungua mpaka yale majina ya kumaliza, na courant ya umeme haikukatika hata mara moja. Hapa kwetu, mtaa wa Annexe! Jirani bote banauliza nilimupa nani kitu gani. Mwisho iko muzuri sana. Nitakuelezea, usinisukume. Kwanza upate habari za lupango, za nyumba na uwanja wetu.

Kiti yako iko palepale karibu na dirisha. Kuku mwekundu wa mke wako, Mama Régine, ameanza kulala juu yake, na Mama, mwenye alikuwa anamufukuza mpaka ku barabara, sasa anamuangalia tu. Mahindi tumevuna. Ya upande wako tulikula ya mwisho. Télé imefunikwa na kitambaa cheupe cha meza.

Unakumbuka vile tulianza? Macho yako yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni uzee, wewe ulisema ni moshi wa treni, miaka yote ile ya kazi ya reli. Lakini masikio yalibaki, na Kifaransa chako cha ba-Père ba misheni, kile cha kunyooka. Miye masomo niliacha ku mwaka wa nne ya primaire. Ninaambia bantu nimefika Lusaka, nimefika Ndola, nimekula ku hoteli yenye mazulia mpaka chooni, lakini Kifaransa cha haraka kinanipita kama treni isiyosimama ku kituo chetu. Ulijua. Hukunicheka. Ulivuta kiti, ukasema: «Wewe macho, miye masikio.»

Basi saa kumi, courant ikirudi, tulikuwa muntu mumoja. Bonaventure anaingia mu ubalozi wa adui, amevaa kama mupishi, na masharubu ya bandia. Wewe: «Anamuambia mukubwa wake hakuna muntu amemutambua.» Miye: «Papa, bantu bote banamukodolea macho.» Watu wa mule ndani ya télé wakicheka mbele yetu, ulikuwa unanigusa na fimbo: «Nini tena, masharubu?» Masharubu, Papa. Imeanguka mu supu. Ulicheka mpaka kukohoa, na Mama Régine analeta maji, anasema ameolewa na nusu ya muntu, nusu ingine imepanga chumba ku nyuma.

Na ile siku ya ndoa ya mu télé. Bantu balisema maneno mengi, sikuelewa kitu, nikaona umenyamaza, nikaogopa umechoka na miye. Nikatia nyani mu hadisi. Ukauliza anafanya nini. Anaiba keki, Papa. Ukatikisa kichwa. Juma lililofuata ukauliza: na ule nyani? Nikamutia tena, juu ya kabati. Ilipita mwezi mumoja njo ukaniambia polepole: «Mujukulu, nyani yako haina sauti.» Nilitaka ardhi inimeze. Ukashika mukono yangu: «Lakini usimutoe.»

Ninafika ku ile yenye inanikaa mu koo.

Ilikuwa imebaki épisode moja, iko mu clé, ile flash ya kuchomeka ku télé, mu droo ya meza yako. Nilikuwa ninaenda Kasenga kununua samaki. Ulikuwa umeanza kupumua vibaya, na ulisema tuiangalie ile clé mbele ya safari. Miye nikasema hapana, kitu ya mwisho hatuwezi kukula mbiombio. Nikasema Siku ya Posho, Jumamosi, niko hapa.

Samaki nilipata Siku ya Tano, Ijumaa, asubuhi, kavu, muzuri. Lori ilitoka mchana. Sikupanda. Nilikuwa nimekaa na bavuvi kando ya Luapula, bia mukononi, ninabaelezea Bonaventure. Ninafanya sauti ya mukubwa wake mwenye anatoa amri toka ndani ya kabati. Balicheka, Papa, mumoja akaanguka toka ku sanduku yake. Hata nyani nilibapa. Balisema: kaka, baki kesho, utumalizie. Nikabaki. Siku yote ya Posho nilikuwa ninaangalisha bageni, na wewe uko unangojea.

Mama Régine alinielezea kisha. Bajukuu bako balitaka kuwasha télé ile Siku ya Posho, bakuchangamushe. Ulikataa. Ulisema: «Ninangojea macho yangu.» Saa kumi ilipita, courant ikaenda. Siku ya Mungu asubuhi, kengele ya Misa ya kwanza, ukaenda na wewe. Nilishuka ku lori saa sita na mufuko wa samaki ku bega, nikaona matawi ya kilio ku mulango wa lupango, bamama bameshakaa ku mikeka.

Ku kilio nilifanya kosa. Kwenu, bajukuu njo bana ruhusa ya kuchekesha, kuiga marehemu, kusumbua sanduku yake. Uliniita mujukulu miaka sita, nikafikiri niko na ruhusa. Nilichukua ndevu za mahindi ku shamba yako, nikazibandika hapa ku mudomo, nikafuata sanduku ninajificha nyuma ya bantu, kama Bonaventure. Zikaanguka. Hakuna aliyecheka. Ndugu yako wa Manono akanishika shati: «Wewe muntu wa Kasai, uko mujukuu wa nani hapa?» Miye, mwenye hakosi jibu hata ku mpaka, nikainama kuokota ndevu. Mama Régine akasema toka ku mukeka, bila kuinua kichwa: «Mumuache. Ule ni macho yake.»

Njo pale nililia. Kilio ilipoisha akanipa clé.

Basi, mwisho. Bonaventure anasimama ku daraja, upepo unapiga, masharubu imeshika muzuri kwa mara ya kwanza. Mukubwa wake anatoka mu kabati, anamupa mukono. Bantu banapiga makofi, na nyuma yao, juu ya ukuta, iko

nyani.

Umesikia mwenyewe. Haina sauti.

Kwa heri, Papa. Mama Régine anasema na yeye alisoma Kifaransa ku ba-sœur ba misheni, anaweza kuwa masikio, na kuku atampisha ku kiti. Ninakuahidi mbele ya udongo wenye nilikutupia: siku yenye nitajua mwisho, nitakuja ku kaburi kukuelezea vile iko, hata ikiwa mubaya, bila kuongeza munyama.

Ile niliandika pale juu ni uongo. Sijaiona. Clé iko mu mufuko wa shati tangu kilio, na bahati sina.

Kabeya