Karara Chini ya Barafu

Jumatano, 8 Januari

Niko ndani ya gari, nje ya soko la wanawake. Kila Jumatano hivi hivi. Mji mzima wa Ibra unajua: siku hii mwanamme haingii, hata akiwa mzuri kama mimi. Bibi yumo ndani anapapasa vitambaa. Presha ya macho imemla. Anaona ukungu na vivuli, basi. Lakini kitambaa kibovu hauziwi, wallahi. Muuzaji atajuta.

Njiani kaniuliza, "Kuna habari?" Jina hakutaja. Anamuuliza Zuwena, dada yangu. Nikajifanya bwege. "Habari za nani, Bibi?"

Zuwena yuko kwenye meli ya utafiti, kusini ya dunia, kwenye barafu. Anatafuta wanyama wasiowahi kuonwa na mtu. Yeye kasoma. Mimi shule imenishinda, au mimi nimeishinda shule, inategemea unamuuliza nani. Baba na Mama walikufa ajali ya gari njia ya Sur, Bibi ndiye katulea. Siku Zuwena anaondoka, Bibi kasimama mlangoni: "Mimi naingia kizani, na wewe unakwenda kutazama samaki? Wallahi sisemi na wewe mpaka urudi."

Hiyo ilikuwa Novemba. Na wallahi ya Bibi si kama yangu.

Alkhamisi, 9 Januari

Nimefanya kazi ya kihandisi. Andika hilo.

Meli ya Zuwena ina roboti, inazamishwa kwa waya mrefu, na picha zinarushwa papo hapo kwenye intaneti. Nimeziunga na tivii kubwa ya sebuleni. Nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Mimi natengeneza simu dukani kwa Ami Khalfan, ndugu wa Baba, kioo hakinibabaishi. Nia yangu ilikuwa nitazame mwenyewe. Bibi tivii kaiacha zamani, anasema ni ukungu unaopiga kelele.

Baada ya Alasiri. Kioo cheusi tii. Halafu kitu cheupe kikapita.

Bibi kageuza kichwa. "Nini hicho cheupe?"

Anaona! Nyuma cheusi, mbele cheupe, kikubwa: anaona. Hakuna aliyelipanga jambo hili. Nitasema nilipanga.

Mara sauti ya Zuwena, anaeleza kwa Kiingereza. Ami Khalfan, mtoto wa Bibi, mtu wa sheria za dini, kaanza: "Mama, kiapo."

Bibi: "Nimeapa kutosema nae. Sikuapa kutomsikia. Ongeza sauti, Sefu."

Jumapili, 12 Januari

Siku ya nne tunatazama. Mimi niliyemaliza mambo yote ya dunia hii nimeona sijaanza.

Chukua mlima wa Jabal Akhdar, ugeuze kichwa chini, uzamishe. Huko ndiko iliko roboti. Jua halijawahi kufika. Maji baridi kupita barafu yenyewe, ila chumvi haiyaachi yagande. Ungedhani hakuna kitu. Kumejaa! Buibui wa bahari mpana kama sahani ya wali, anatembea taratibu kama bwana harusi. Samaki anaonekana mpaka ndani, damu yake haina rangi, kama maji. Zuwena kanieleza: baridi ile inashika hewa nyingi mno majini, damu haina haja ya wekundu. Nikasoma ujumbe wake nikatazama mkono wangu, mishipa. Sijui kwa nini.

Dukani nimewasimulia. Hamed, tunayekaa nae meza moja, kasema, "Samaki damu ya maji, na wewe ubongo wa maji." Nikamwekea video. Alhamdulillahi, nimeuona mdomo wa Hamed umefungwa.

Mimi namwambia Bibi, "Kuna kitu kina mikono mitano." Yeye: "Kiti cha pweza! Hata Kiswahili huna, maskini." Kile kinene kinachotambaa ni jongoo bahari. Alikuwa akiwaona Unguja maji yakitoka, yeye msichana mdogo. Hawa ni wengine, weupe, wakubwa. Lakini umbo lile lile.

"Ndugu zao," kasema Bibi. "Wamehamia mbali. Kama sisi."

Halafu, akiuambia ukuta: "Huko baridi. Kachukua soksi?"

Mimi si ukuta, lakini nimesikia.

Jumatatu, 13 Januari

Ujumbe wa Zuwena. Mwisho wa mwezi meli inarudi bandarini kubadilisha watu. Anasema atashuka.

"Sina radhi ya Bibi, Sefu. Kila nikiona kitu kipya furaha inanikwama kooni. Naona kama nimekiiba."

Akishuka, nafasi yake anapewa mwengine. Kazi aliyoililia toka mdogo, khalas, imekwisha. Msomi na mjinga mtu mmoja.

Nimemwambia Ami. "Bibi yako havunji kiapo," kasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Niachieni mimi, nikasema. Hakucheka. Bora angecheka.

Jumatano, 15 Januari

Nimepata dawa.

Bibi akimaliza kusali Alasiri anabaki juu ya msala, anaomba kwa sauti ndogo. Leo nimepita nyuma ya mlango. "Ya Rabbi, mtoto wangu yuko juu ya maji Yako. Mrudishe, nimwone kabla hujanifunga macho." Nikarekodi kwa simu. Nikampelekea Zuwena.

Kiapo hakikuguswa. Bibi hakusema na Zuwena, kasema na Mungu. Mimi nimepeleka salamu tu. Kwa akili hii ningekuwa waziri.

Alkhamisi, 16 Januari

Mimi ni punda.

Zuwena kalia kwa furaha, akarekodi jawabu, akampelekea Ami. Ami kaifungulia mbele ya Bibi, sauti ya Zuwena: "Nimesikia dua yako, Bibi. Sefu kanipelekea. Mungu akuweke."

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema, "Umesimama nyuma ya mlango ukaniibia maneno yangu na Mola wangu."

Kisha kavua kanga ya begani akaifunika tivii. Kwa kupapasa. Mwenyewe.

Ami kamweleza Zuwena, naye kaniandikia: "Kumbe hajui? Umeniletea dua ya wizi. Nashuka, Sefu. Usiniandikie."

Ijumaa, 17 Januari

Bibi hasemi nami. Shikamoo yangu imerudi bila marhaba.

Sikujua kunyamaziwa kunauma hivi. Mimi siku moja tu nataka kula ukuta. Zuwena toka Novemba.

Jumapili, 19 Januari

Nitaandika kwa mpango.

Alasiri. Nimekaa kizingitini natazama kwenye simu, sauti chini. Bibi ndani, kwenye kiti chake, uso ukutani. Roboti ikafika kwenye jiwe kubwa, limeanguka toka kwenye barafu inayoelea, miaka mingapi sijui. Juu ya jiwe kitu cheupe. Kirefu kama mkono wangu. Kimefungwa, kimechongoka. Nikadhani ganda. Zuwena kaanza kueleza, akakatiza.

Kikapasuka.

Polepole, toka juu mpaka chini. Ndani yake zikatoka nyuzi, mamia, kila moja na tone la mwanga wa ile taa ya roboti. Zikafunguka upande huu, upande huu. Rangi zikapita juu yake kama zinavyopita kwenye mafuta ya gari yaliyomwagika majini, lakini hai. Hai!

Nimepiga ukelele. Nikaingia ndani nikavuta kanga, nikaunga tivii. Kama ni kofi na liwe kofi.

Huko melini kimya. Wale wote wenye shahada, kimya. Hakuna aliyekijua. Najua kimya cha mtu asiyejua, nimekaa nacho darasani miaka.

Kisha sauti ya Zuwena. Si Kiingereza. Mbele ya dunia nzima, Kiswahili cha nyumbani kwetu:

"Subhanallah. Bibi, unaona?"

Bibi kainuka. Kaenda mpaka pua ikagusa kioo. Mwanga wa kile kitu ulikuwa juu ya mashavu yake yote.

"Naona, mwanangu," kasema. "Naliona. Karara. Karara linapasuka."

Karara ni lile ganda la maua ya mnazi. Mtende nao unalo, na mwezi huu ndio yanapasuka mashambani kwetu. Kweli kabisa. Lile lile, lakini chini ya barafu, gizani, limekuwa likijifungua na kujifunga toka lini, na hapakuwa na hata jicho moja la kulitazama. La kwanza limekuwa jicho la Zuwena. La pili, la Bibi kipofu wa Ibra. Na langu mimi.

Kanga bado nimeishika, nimeisahau mkononi.

Zuwena hakusikia jawabu. Tivii inaleta, haipeleki. Karudi kwenye Kiingereza chake, sauti imevunjika.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi, ugomvi wa sheria. Ami: "Hakukusikia, Mama. Kiapo kizima."

Bibi: "Mimi nimejisikia."

"Lakini kusema ni kusema na mtu—"

"Khalfan. Kaniita, nimemwitikia. Nani kakufunza wewe kusema?"

Ami kanywa kahawa.

Halafu Bibi kasema, taratibu, hakutazama popote: "Niliapa kwa hofu. Nilijisemea atarudi macho yamekwisha, nisimwone uso. Basi nikaona bora nimpoteze mwenyewe kabla sijanyang'anywa." Kajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nataka kupiga simu. Kwanza kafara, niwe safi."

Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Mimi nimepewa kuwatafuta. Na kupika.

"Mimi, Bibi?"

"Wewe. Mikono iliyoiba ioshe masufuria."

Kanisemesha! Ningepikia mia.

Jumanne, 21 Januari

Wali wa samaki. Wa chini umeungua kidogo. Kidogo sana. Basi, umeungua.

Nimewapata wafanyakazi wa mashamba ya mitende, na wawili wanaoosha magari. Wamekaa uani, wamekula, wameomba dua. Tisa. Wa kumi kaondoka na gari la bosi wake kwenda mji wa Adam.

Bibi kanigeuzia uso. "Maskini wa akili anahesabiwa?"

Ami, bila kucheka: "Huyu unamlisha kila siku, Mama. Hafai."

Nimechukua sahani nikazunguka mjini. Nyuma ya soko yuko mzee anaokota makopo. Kala ndani ya gari langu, na kiyoyozi nikamwashia. Hata kuhusu kuungua hakusema kitu. Kaomba nimsalimie mama aliyepika.

Nikarudi. Nikapiga simu ya picha kwa intaneti ya meli. Ikakatika. Tena. Ikakatika. Bibi kakaa wima kama yuko ubalozini. Mara ya nne Zuwena kajibu, nikampa Bibi simu, nikaondoa mkono.

Nikasikia Zuwena anapumua huko kwenye barafu.

"Umevaa soksi?" kauliza Bibi.

Zuwena kalia mpaka simu ikakwaruza. "Nimevaa, Bibi. Mbili mbili."

Nikatoka nje. Na mimi nina haya zangu.

Alkhamisi, 23 Januari

Hashuki. Kamwandikia mkuu wao. Wataizamisha roboti tena pale pale, safari hii walete kipande kidogo, kama karara yatakuwa mengi. Likiwa moja wataliacha. Bibi ndiye kaomba hivyo. Zuwena anasema mkuu alikuwa na nia hiyo hiyo. Sisi tunasema ni Bibi.

Jina halijapata bado, na huenda likachukua miaka. Melini wote wanaliita karara, kwa matamshi ya ajabu. Zuwena alitaka kulitia jina la Bibi. "Asithubutu," kasema Bibi. "Langu bado nalitumia."

Leo bahari mbaya, hawazamishi. Hakuna picha. Bibi kataka ile ya Jumapili. Nimemwekea. Ikisha, nimemwekea tena.

Ami karudi toka shambani. Wameanza kutia mitende unga wa maua ya mtende dume, ipate kuzaa. Bibi alimwomba karara moja, lile la dume, halijapasuka, naye kamletea. Kaliweka mapajani. Kwenye kioo lile jingine likaanza kufunguka, na yeye akalipasua hili kwa kidole gumba, taratibu, sawa sawa na lile. Chumba kizima kikanuka unga. Vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Nimekaa nae chini, karibu na miguu yake.

Imekwisha. Nimeirudisha mwanzo.