Jina la Mama Umelificha, Sauti Umeiacha

Makorora, Tanga
11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Luqmani,

Assalaam alaykum. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Ulaya? Sisi wazima, alhamdulillah, ila goti la mama linamsumbua. Uprofesa tumeusikia, hongera. Mama alipika ubwabwa akaupeleka msikitini, uombewe dua.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni.

Ile hotuba yako ya rangi, dini na elimu katika pwani yetu imefika huku, imo kwenye kila simu mtaani. Umewachezea wazungu wako sauti ya mama, akisema kwamba zamani kwenye chuo chake cha Kurani watoto wa Kiarabu aliwakalisha mbele, na wajukuu wa watumwa nyuma, kwenye viatu. Umemwita "mwalimu mmoja wa pwani". Loh! Makorora nzima imesomeshwa alifu kwa sauti ile, nani asiijue? Na hao waliokaa kwenye viatu ndio wazazi wa watoto anaowasomesha leo.

Sisemi ni uongo. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini alikwambia pia kwamba aliacha, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nilikuwepo, tunamenya mihogo. Hilo mbona umelikata?

Usinambie alikuruhusu kurekodi. Wewe umelelewa na mikono yake, angekunyima nini? Alidhani anazungumza na mwanawe, kumbe anazungumza na mtafiti.

Watoto wote wameondolewa chuoni, wamebaki wanangu tu. Mama hajui kwa nini. Kila alasiri anatandika mikeka, anakaa, ananiuliza kama kuna surua mtaani. Juzi alimsalimia Ayubu, mwanafunzi wake wa zamani, Ayubu akageuza uso. Mama akasema, "Labda hakunisikia." Nililia jikoni, Luqmani.

Shangazi Shamsiya anakusalimu, mwanangu Idarusi naye pia. Mama yuko hapa ubavuni, anataka niandike maneno yake: Mungu akuzidishie elimu, akulinde na macho ya watu, na anashukuru kwamba katika wote aliowasomesha, wewe hukumsahau.

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Mimi ulimi wangu hauwezi kumwambia. Panda ndege uje, ukae mbele yake umwambie mwenyewe.

Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Dada yako,
Samiha