Hadithi Yangu Ndani ya Simu Yako

Mjukuu wangu Candiru,

Huku Logiri tuko wazima, bibi yako iko shambani anapalilia muhogo. Naandika mwenyewe, sitaki mutu anishikie kalamu.

Unauliza kwa nini nimekasirika kusikia umesimulia hadithi yangu ya fisi kwa intaneti. Nikianza kuisimulia hapa, watoto wanapiga kelele, "Babu, hiyo ni ya Candiru!" Ya Candiru!

Mimi niliipata kwa mjomba wangu wa Ludara. Kwake hadithi huwezi kupewa mpaka uirudishe kwa mdomo wako mbele yake bila kukosea. Ndugu zangu wote walishindwa, mimi nikaweza mara ya kwanza. Halafu nikaisimulia sokoni Koboko, watu wakacheka kuliko walivyomchekea yeye. Mjomba akanuna, akakataa kula na mimi. Baadaye akaniita: "Wewe kijana, ile sauti ya fisi unaitoaje? Nifundishe."

Sauti yako nimeisikiliza mara nyingi, bibi asijue. Basi usiiondoe huko. Lakini Krismasi utakaa mbele yangu, simu iko mbali, uirudishe yote. Ukikosa neno moja tu, bado ni yangu.

Babu yako Drani, mwenye hadithi