Shuka Juu ya Kompyuta ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Asubuhi nimetoa orodha ya mwezi—programu za kucheza chesi, ninazozishindanisha kwenye kompyuta zangu mbili hapa nyumbani mchana nikiwa kazini, kuanzia kali kabisa hadi hohehahe—na aliyoiandika mdogo wangu ndiyo ya kwanza! Amepiga simu, anacheka mpaka anakohoa. Kampuni moja imeiona orodha, imemwita kwenye usaili Jumatatu ijayo. Tangu lini hana kazi huyu! Mama amemwombea dua kwa sauti hadi jirani akachungulia.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu, ambaye programu yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza mwezi uliopita, kaniandikia. Kwa upole, ndiyo maana inauma. Anauliza kama programu yake ilikuwa inaumwa siku ile, mbona ilifikiri polepole. Nikamjibu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Halafu chai ikanishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu ana haki.

Leo nimetoka kazini mapema. Nakuta shuka juu ya kompyuta ya kulia! Ni Mama. Feni inampigia kelele akijilaza mchana, basi huifunika, na huliondoa shuka kabla sijarudi nisije nikanuna. Nimeigusa—moto kama pasi. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia kasi. Na mimi, kwa uvivu, mechi zote niliweka ya mdogo wangu kushoto, ya Mwalimu kulia. Sikubadilisha hata mara moja. Mimi, mhubiri wa haki!

Sikumgombeza Mama. Nimemwomba tu, siku nyingine aniulize kwanza. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Narudia mechi zao zote, safari hii kwa kupokezana kompyuta. Nimewaambia wote wawili. Mwalimu kashukuru. Mdogo wangu kaniuliza: "Kaka, si ungengoja tu usaili upite?" Nimesema haiwezekani. Hakuaga.

Jumapili, 9 Machi
Wako sawa kwa pointi. Imebaki mechi moja, inachezwa sasa hivi. Kwa zamu, ya mdogo wangu iko kushoto, ya Mwalimu kulia. Ya Mwalimu imeshatangulia kwa kete moja. Mdogo wangu kaja bila hodi, kakaa kwenye kiti cha plastiki. Kesho ndiyo usaili. Namhurumia, na nimechoka kumhurumia.

Mama katoka chumbani, shuka begani. Anataka kujilaza. Anauliza, kama nilivyomwomba—aifunike, au leo inatumika?

Mdogo wangu anaangalia sakafu. Mama anauliza tena. Mimi nimeinama hapa, naandika, naandika, kana kwamba sijasikia