Jina la Mama kwa Herufi Nzito

Kumasi, Jumatatu

Mama mdogo Dufie,

Pole kwa kukosa mazishi. Sisi tuko salama, mvua imeanza, na mama sasa anakula.

Baba mdogo Agyeman aliniagiza nitengeneze tangazo la mazishi ya baba mtandaoni, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Majina ya ndugu yawe makubwa. "La mama yako weka chini kabisa, dogo, rangi ya kijivu."

"Kijivu juu ya nyeupe halitasomeka, baba mdogo."

"Ndivyo nitakavyo. Muuza samaki atatutia aibu."

Muuza samaki huyo ndiye aliyemwogesha baba tangu apooze, wao wakisalimia mlangoni! Nikaliandika jina la mama, Konadu, chini ya la marehemu: jeusi, nene, ukubwa uleule. Nikalituma tangazo kwa watu wote.

Baba mdogo akanipigia akifoka. "Punguza hizo herufi, we mtoto!"

"Sipunguzi hata nukta."

Jumamosi, mazishini, ndugu wakamketisha mama nyuma kabisa. Mara wakafurika wauza samaki wa soko zima, nguo nyeusi na nyekundu za msiba, simu mkononi. "Konadu yuko wapi? Tumemfuata yeye." Wakampeleka mbele wenyewe, wala hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Sasa baba mdogo anataka tuhame nyumba aliyoiacha baba. Mama alinikataza nisikuandikie hilo, usije ukakosa usingizi. Lala tu. Leo asubuhi mama amenunua kufuli jipya la mlango, na funguo anazo yeye.

Mwanao asiyesikia,
Serwaa