Vifundo vya Upande wa Chini

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na mgongo wako, na kifua? Mimi ni mzima kwa maana kwamba napumua, ingawa humu ndani hata kupumua ni adhabu.

Nimefika. Mabasi matatu, lori la vitunguu, na mpaka ambao tulisimamishwa juani hadi mwanamke mmoja akanitapikia viatu. Nilidhani huo ndio mwisho wa uchafu, kumbe ulikuwa utangulizi.

Nyumba ni ile ile ya anwani iliyo kwenye bahasha ya mwisho ya dada. Ni ya wanawake wafanyakazi peke yao, na ngazi zake zinanata. Bafuni kuna nywele za kila aliyewahi kuishi humu. Kikombe nilichopewa kina alama ya mdomo wa mtu, imekauka. Nilimtaja dada kwa jina lake kamili, mama mwenye nyumba akacheka: "Mwanangu, hapa watu hawana majina, wana vitanda. Hiki chako, mchana tu. Usiku kina mwenyewe."

Ndiyo, Mama. Kitanda kimoja, watu wawili, kwa zamu. Nimepata kazi ya usiku, kufua mashuka ya hoteli. Mwenzangu anatoka alfajiri sijarudi, anarudi jioni nimeshaondoka. Sijamwona, ila namjua kwa pua. Anaosha matumbo machinjioni. Wenzake wanamwita Uvundo, na hawakumwonea. Ninapolala godoro bado lina joto lake, na mto unanuka utumbo. Nimeuzungushia taulo langu, nikalia mpaka usingizi ukanichukua. Nataka nyumbani. Nataka shuka lililoanikwa juani.

Nitamtafuta dada wiki chache tu.

Mwanao, kitindamimba

Tarehe 19 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mgongo upo, kifua kipo, vyote vinalalamika.

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Wewe tangu mdogo ulinusa maji kabla ya kuyanywa. Karakana yangu ya magodoro hukuikanyaga, eti vumbi la pamba linakuziba pua. Dada yako ndiye aliyeshika sindano. Sasa mchagua jembe si mkulima. Toa godoro nje, lipige fimbo, lianike. Na huyo mwenzako umsalimie. Anayeosha matumbo ya ng'ombe naye ana mama yake mahali.

Lakini usirudi bila dada yako. Miaka miwili, hata salamu! Ile picha yake amesimama ofisini kando ya meza yenye simu naifuta vumbi kila siku, na majirani nawaambia ana shughuli nyingi. Nimechoka na uongo huo. Nataka kujua tu kama nina watoto wawili au mmoja.

Mama yako

Tarehe 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi nimekonda, maana chakula cha humu nakimeza nimefumba macho.

Dada sijampata. Nimeuliza ofisi zote za mtaa huu, hakuna anayemjua.

Na huyu Uvundo amezidi. Ananizoea na hatujaonana! Kwanza aliniachia kipande cha sabuni ya maua chini ya mto. Nilikishika kwa vidole viwili nikakitupa. Kisha soksi zangu zilizotoboka nikazikuta zimeshonwa, zinanuka machinjio. Nazo nikatupa. Juzi ndiyo kubwa kuliko: nimerudi nikakuta godoro limefumuliwa, pamba imechambuliwa, limeshonwa upya. Limeinuka, sikatai. Lakini fikiria vidole vile ndani ya pamba ninayolalia!

Tena hata kushona hajui. Vile vifundo vya katikati, vya kuzuia pamba isihame, kila mtu anavifunga juu. Yeye kavificha chini, kila kimoja kakizungusha mara mbili kama kitovu cha mtoto mchanga. Kinyaa kilinishika, nikachukua wembe nikavikata vyote. Sasa pamba imekimbilia miguuni na nalala kwenye shimo, ila shimo ni langu.

Katikati ya mwezi ujao narudi. Nisamehe, Mama, nimeshindwa.

Mwanao, kitindamimba

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye.

Vifundo vinafungwa chini ili visimchome mtoto mbavuni. Nilianza hivyo ulipozaliwa wewe, maana ulilia kila ukilazwa. Sijaona fundi mwingine anayejisumbua hivyo. Nilimfundisha mtu mmoja tu.

Ukipata barua hii usiende kazini. Kaa kwenye hilo shimo lako umsubiri mwenye kitanda.

Mama

Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Ni mimi. Sijui nina uso gani wa kukuuliza habari za afya, lakini nakuuliza.

Kitindamimba wako nilimjua siku ya kwanza, kwa lile taulo kwenye mto. Nani mwingine? Siku moja niliwahi kurudi, nikamsikia mlangoni akisema Uvundo huku wenzake wanacheka. Sikukasirika. Nilinusa mikono yangu, nikarudi barabarani kusubiri aondoke.

Ile picha ni ofisi ya bosi wa machinjio. Nilikuwa nafagia, nikaomba nipigwe picha. Baada ya pale kila barua ingehitaji uongo mwingine, nikanyamaza.

Jioni ile nilifungua mlango nikamkuta ameketi kitandani, barua yako mkononi. Nilikuwa na buti na aproni, damu hadi viwikoni. Akasimama, akafungua mdomo kuniita. Akainamia beseni akatapika. Alitapika hasa, Mama. Nikageuka niende zangu. Akanidaka aproni kwa nyuma, akanikumbatia na uchafu wangu wote, analia, anasema, "Unanuka, dada. Mungu wangu, unanuka!" Na haniachii.

Sasa amehamia zamu ya mchana, tunalala wote. Ananipa mgongo, pua ameielekeza ukutani, mkono wangu ameushika. Godoro amelishona upya mwenyewe, akipiga chafya mwanzo hadi mwisho. Vifundo vingine amesahau akavifunga juu, vinanichoma mbavu usiku kucha. Sijamwambia.

Mwanao wa kwanza