Maneno Yaliyopitia Kwangu

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia tangu tumzike Mama.

Malalamiko yako yamefika hospitalini. Umeandika kwamba yule daktari mgeni alituficha hali ya Mama. Ameitwa mbele ya wakubwa Alhamisi, na huenda akafukuzwa kazi. Tafadhali nisome mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu ni kuwatafsiria wagonjwa Kiingereza cha madaktari. Kiingereza chenyewe, Kaka, kila kitu ni kukimbia tu! Pua inakimbia, bomba linakimbia, mwenye duka analikimbiza duka lake, hata kisukari eti kinakimbia ndani ya ukoo. Nilipoanza kazi nilikuwa nikimsimulia Mama, anacheka mpaka machozi, anauliza kama wenye lugha hiyo huwa wanakaa chini. Siku hizi hakuna msemo wao unaonipiga chenga.

Siku ile wodini daktari alivuta kiti, akamshika Mama mkono. Alisema dawa zimekimbia mbio zake zote, ndiyo kusema zimefika mwisho, na siku nazo zinatukimbia, kwa hiyo kama kuna mtu Mama anataka kumwona aitwe upesi. Kisha akaningoja nitafsiri.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Nikamwambia daktari anasema dawa zinafanya kazi, apumzike.

Akashusha pumzi. Akasema basi tusikusumbue na safari, mtapatana wewe na yeye ukija likizo, maana ule ugomvi wenu ulikuwa unamkaa kooni. Nikaitikia kwamba muda upo. Siku ya tano akatutoka.

Kaka, nilielewa kila neno. Daktari hana kosa hata chembe. Jana aliniuliza kama nilimfikishia Mama yote, nikamkazia macho nikasema ndiyo. Sikuwa na nia mbaya, niliogopa tu kuuona uso wa Mama ukibadilika. Kwa woga wangu nimekunyima kumuaga. Alhamisi nitasimama nikayaseme haya mbele ya wote, ila nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Na alichokisema Mama kabla hajalala siku ile nakufikishia bila kupunguza: alisema mwenye makosa ni yeye, si wewe, na alitaka kukuomba radhi kwa mdomo wake.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku